Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Mwanza: watoto waelezwe dawa wanazomeza

Ndugu Mganga Mkuu,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ukerewe na mlezi wa mtoto anayeishi na VVU. Nakuandikia kuhusu jambo ambalo mara nyingi sisi walezi tumeachiwa peke yetu, nalo ni kumweleza mtoto dawa anayomeza kila siku ni ya nini.

Wengi wetu husema ni dawa ya kifua. Mtoto wa miaka mitano ataridhika, lakini wa darasa la nne akiona kikopo kimebanduliwa karatasi na kushindiliwa pamba ili vidonge visilie njiani, anatambua kuwa kuna aibu inayofichwa, hata kabla hajaujua ugonjwa wenyewe. Kisha anasikia darasani kwamba UKIMWI unaua (somo hilo baadhi yetu walimu tunalifundisha kana kwamba dawa za kufubaza virusi hazijafika), analinganisha mambo kimyakimya, na vidonge vinaanza kuishia chooni.

Tangu mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto wenye VVU walio katika umri wa shule, yaani miaka 6 hadi 12, waelezwe hali yao, na walio wadogo zaidi waandaliwe hatua kwa hatua. Sheria yetu nayo, baada ya marekebisho ya mwaka 2019, inamruhusu kijana wa miaka 15 kupima bila ridhaa ya mzazi, kwa hiyo sioni kwa nini aliyezaliwa na virusi afike umri huo akiwa bado anadanganywa. Hofu ya mama naielewa: mtoto atauliza nani alimwambukiza, tena huenda akaropoka kwa majirani. Hofu hiyo haiishi kwa maneno mawili ya dirisha la dawa.

Naomba mnasihi akae kwanza na mzazi bila mtoto kuwepo, wakubaliane maneno ya kutumia, ndipo mtoto aitwe. Kwenye mialo, yaani fukwe zinakotia nanga mitumbwi ya wavuvi, unasihi huo upangwe siku za mbalamwezi, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa ndipo baba hupumzika na mama hana dagaa wa kuanika. Siku nyingine anayemleta mtoto ni bibi, ambaye pengine naye hajaambiwa. Kliniki ya watoto nayo ihamie Jumamosi, maana mwanafunzi anayeomba ruhusa mara kwa mara huishia kuulizwa na wenzake anaumwa nini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu na mlezi, Ukerewe