Malalamiko: Gemu tulizolipia zafungwa kwenye mashine ya pili nyumbani kwetu

Mkomani,
Lamu.

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Bwana au Bibi,

KUH: GEMU ZA KUPAKUA KUZUIWA NDANI YA FAMILIA MOJA

Nawaandikia nikiwa mteja wenu wa miaka mingi na mzazi wa watoto wawili. Gemu nilizolipia kwenye duka lenu la mtandaoni hazifunguki kwenye mashine yetu ya pili ya kuchezea gemu pindi intaneti inapokatika. Hata intaneti ikiwepo, binti yangu akianza kucheza gemu moja, nduguye hufungiwa zote zilizobaki. Nyumba ni moja, na aliyelipa ni mimi.

Mashine ya kwanza iko sebuleni kwenye televisheni. Hiyo ndiyo mliyoisajili kuwa kuu, nayo haitusumbui. Ya pili ni ile ndogo ya mkononi, aliyonunuliwa kijana wangu kwa ajili ya Idi. Kila akitaka kucheza, lazima mashine iulize kwanza seva zenu, yaani kompyuta zenu za mtandaoni, kama ruhusa ipo. Isipojibiwa, gemu haifunguki, ijapokuwa imeshapakuliwa yote na imekaa humo humo kwenye kadi ya kumbukumbu.

Utaratibu huu hautufai sisi wa visiwani. Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, na kuta zake ni nene hata waifai ya chini haifiki orofani. Stima ikipotea, ruta nayo huzimika. Ukishavuka kwa boti hadi Mokowe na kupanda basi la Malindi, mtandao waja na kupotea njia nzima. Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota katika nchi nyingi za Afrika Mashariki, mijini na vijijini. Mashine ya mkononi imetengenezwa ili mtu asafiri nayo. Mtoto wangu akisafiri ndipo inapomkatalia.

Mhudumu wenu alinijibu kwa adabu, na kwa hilo namshukuru. Alinishauri niifanye ile ndogo kuwa mashine kuu. Nikifanya hivyo, atakayefungiwa ni binti. Kisha akaniambia ninunue nakala ya pili ya kila gemu. Hapo ndipo niliposikitika kweli. Hakuna mzazi hapa mtaani anayenunua kila kitu cha nyumbani mara mbili kwa sababu ana watoto wawili, na bei za gemu zenu si ndogo.

Tulipokuwa tukitumia diski, mtoto akimaliza humpa mwenzake, basi, hakuna wa kuombwa ruhusa. Tuliziacha kwa kuwa hapa Lamu ni taabu kuzipata mpaka uagize Mombasa, na ninyi wenyewe mkatuhimiza kwamba kupakua ni rahisi zaidi. Bei haikushuka. Kilichopungua ni uwezo wa ndugu wawili kupeana kitu chao.

Naelewa mnachokihofia. Wako watu wanaokodisha akaunti kwa wasiowajua, na mna haki ya kujilinda. Wala siombi watoto wangu wacheze nakala moja kwa wakati mmoja. Lakini mashine zangu zote mbili zimesajiliwa kwa jina langu na hutumia ruta moja, na hayo mnayaona katika kumbukumbu zenu.

Wenzenu wamepata njia. Tangu 2024, Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, huruhusu familia ya hadi watu 6 kuchangia gemu zao, huyu akicheza hii na yule akicheza ile, hata bila intaneti. Mwaka 2025 kampuni ya gemu ya Nintendo ilianzisha kadi pepe, yaani gemu za kupakua zinazoweza kuhamishwa kama kadi, ambazo mtu wa familia huazimwa kwa wiki 2. Na mwaka 2013 Microsoft ilipotangaza kwamba mashine yake ya gemu, Xbox One, itahitaji kuhakikiwa mtandaoni kila baada ya saa 24, wateja walipiga kelele, na mpango ukafutwa mwezi Juni mwaka huo huo, kabla mashine haijaingia madukani. Kwa hiyo hili lawezekana mkitaka.

Kuna na suala la sheria. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa au huduma. Kwenye ukurasa wenu wa malipo sikuona popote palipoandikwa kwamba mashine ya pili haitafanya kazi bila intaneti. Ningejua, nisingeinunua ile ndogo.

Naomba mfungue gemu zetu kwenye mashine ya pili, walau kwa wiki mbili kila inapohakikiwa, na mmoja wa watoto akicheza gemu moja, nyingine zibaki wazi kwa mwenzake. Na masharti haya yaandikwe karibu na bei, kwa Kiswahili pia, ili mzazi mwingine ajue kabla hajatoa pesa. Ikiwa hamtaweza, basi nirudishiwe pesa za gemu ambazo kijana hawezi kuzicheza. Risiti zote ninazo na nitazituma mkizihitaji.

Naomba jibu la maandishi kutoka kwa mtu mwenye mamlaka ya kuamua, kabla shule hazijafungwa.

Wako mwaminifu,
Mzazi na mteja wenu,
Lamu.