Yaya, msichome makaratasi bado

Yaya,

Salamu nyingi kutoka kwangu mdogo wako, hapa Lubumbashi. Huku tuko wazima, watoto wanasoma, umeme ni ule ule unaoujua. Najibu haraka kwa sababu umeandika kwamba mkubwa wenu wa kazi ameleta mashine za kuskani, na zikimaliza kazi anataka dosiye zote, yaani mafaili ya karatasi, zichomwe ili depo igeuzwe ofisi. Msichome kitu bado.

Mashine inapiga picha tu. Picha elfu zenye namba badala ya majina ni fujo ile ile, imehama tu kutoka kwenye rafu. Sisi hapa kilichotusumbua kuliko mchwa ni majina. Unakumbuka mwaka 1972 Mobutu alipokataza majina ya ubatizo: watu walibadilisha, dosiye nyingi zikabaki vilevile. Juzi alikuja mjane mmoja kutoka mtaa wa Katuba, kadi ya kazi ya marehemu iko ndani ya mfuko wa plastiki, anatafuta cheti cha miaka ya utumishi. Kijana wa kompyuta akaandika jina lililo kwenye kadi. Hakuna. Mama akaanza kufunga mfuko wake. Mzee wetu wa depo ndiye aliyeuliza, "Mama, baba alibatizwa nani?" Faili likapatikana kwa jina hilo, limeliwa pembeni, lakini matrikule, namba yake ya kazi, ni ile ile ya kwenye kadi. Basi kila picha iingie kwa matrikule kwanza, halafu majina yote mawili na mwaka wa kuajiriwa. Kazi hiyo inachosha, na hakuna mashine itakayowafanyia. Wazee wanaojua majina ya zamani waiteni sasa, wakiwa bado wapo.

Na si watu tu. Kampuni ya madini ya Union Minière ilitaifishwa 1967, leo ni Gécamines. Katanga ikawa Shaba 1971, ikarudi Katanga 1997, na tangu 2015 wewe uko Lualaba, mimi Haut-Katanga. Anayetafuta kwa jina la mkoa wa leo hataiona barua ya 1985.

Kuhusu sheria, mwambie mkubwa wako kwa upole. Kongo iliingia OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, 2012, na kanuni zake za uhasibu zinataka vitabu na risiti vitunzwe miaka 10. Sheria ya dijitali ya 2023 inakubali maandishi ya elektroniki kama ushahidi, ila mwandishi wake ajulikane na yatunzwe bila kuguswa. Kwa dosiye za wafanyakazi mimi nisingeangalia hata hiyo miaka 10: mtu anadai haki yake akiwa mzee, au wajane wake wanaidai baada yake.

Halafu kuna WhatsApp, ambayo hukuitaja kabisa. Siku hizi ruhusa ya kununua mafuta, kumhamisha mtu, kufunga kisima, yote yanapita kwenye simu ya mkubwa. Akiacha kazi anaondoka nayo. Kwetu tumekubaliana kwamba agizo lolote la pesa au la mtu lirudiwe kwa barua-pepe ya kazi siku hiyo hiyo. Wengine wananung'unika, lakini wanafanya.

Niandikie mkutano wenu uko lini. Nikiweza kupanda kuja Kolwezi nitakuja na ile orodha yetu ya majina mawili-mawili, mkaone tulivyoipanga.

Ni mimi mdogo wako.