Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA: siri za wateja wangu ninazo mimi

Kwa Mkuu wa Kitengo cha TEHAMA,
Mojawapo ya halmashauri nane za Mkoa wa Mwanza.

YAH: TOVUTI YENU NA WANANCHI WASIOWEZA KUISOMA

Ndugu,

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Jina la halmashauri nimeliacha kwa makusudi. Wewe utajijua ukifika kwenye habari ya tangazo la mikopo, na wenzako saba wakiona kwamba na wao wamo, sitabishana nao.

Nina steshenari Igoma, kando ya barabara iendayo Musoma. Natoa kopi, nachapa, napiga pasipoti saizi, na zaidi ya yote najaza fomu za watu mtandaoni: maombi ya ajira, mikopo ya wanafunzi, leseni za biashara, namba ya mlipakodi. Kwa hiyo barua hii naiandika dhidi ya tumbo langu mwenyewe, maana kila tovuti ya umma inayomshinda mwananchi inamleta kwangu akiwa na elfu mbili mkononi. Kwa wengi naipokea bila kusita. Wapo ambao naipokea nikiona haya. Hao wanaijua simu kuliko ninavyoijua mimi na bili zao wanalipa wenyewe, ila macho yao hayaoni au yanaona kwa shida, na tovuti yenu imejengwa kana kwamba hawapo.

Nianze na tangazo. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023, ikarejeshwa mwaka 2024, na huku mitaani watu walikuwa wakiisubiri. Tangazo lenu liliandikwa kwenye kompyuta, kwa herufi safi ambazo mashine yoyote ingezisoma. Kisha likachapwa, likasainiwa, likagongwa muhuri, likaskaniwa, likapandishwa kwenye tovuti likiwa limelala ubavu. Mimi niliinamisha shingo nikalisoma. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu asiyeona, alilifungua kwa simu yake yenye programu ya kusoma skrini. Simu ikamwambia "picha", ikafuatisha mlolongo mrefu wa tarakimu, ikanyamaza. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya watu kama yeye zilitangazwa kwa namna ambayo yeye hawezi kuisoma.

Najua kwa nini mnaskani. Tangazo lisilo na muhuri watu wanasema ni la matapeli, na kwa hayo makundi ya WhatsApp tuliyonayo, siwalaumu. Basi uacheni muhuri wenu, iacheni na skani yenu. Ila maneno yenyewe yabandikeni pale pale chini yake kama maandishi ya kawaida. Hakuna wa kuyaandika upya, kwa sababu yapo tayari kwenye kompyuta ya katibu muhtasi. Mwombe akutumie faili kabla hajalichapa. Faida nyingine utaiona mwenyewe: maandishi yanakula bando kidogo kuliko picha nzito ya kurasa sita, na mtu akitafuta neno "mikopo" kwenye tovuti yenu atalipata, jambo ambalo kwa sasa haliwezekani hata kwa mwenye macho mazima.

La pili ni dogo mno kiasi kwamba linakera. Ndani ya msimbo wa kila ukurasa kuna mahali panapoitambulisha lugha ya ukurasa. Kwenu pameandikwa "en", yaani Kiingereza, huku ukurasa mzima ni wa Kiswahili. Nyie hamuioni alama hiyo, lakini programu ya kusoma skrini inaitii. Inaacha sauti ya Kiswahili, inashika ya Kiingereza, na kuanza kusoma "Idara ya Maendeleo ya Jamii" kama mtalii aliyeshuka ndege jana akielekea Serengeti. Nimesikiliza. Mara ya kwanza nilicheka, baadaye nikajaribu kufuata masharti ya mkopo kwa sauti ile nikashindwa kuelewa sentensi ya pili. Sauti ya Kiswahili ipo, inakuja bure ndani ya programu hizo. Futeni "en", wekeni "sw". Herufi mbili.

Nikija kwenye fomu yenyewe, hapo ndipo penye kazi. Visanduku vyenu vina maelezo yaliyowekwa karibu navyo kwa macho tu. Katika msimbo havikuunganishwa na chochote, kwa hiyo asiyeona anasikia "sehemu ya kuandika, tupu", kisha "sehemu ya kuandika, tupu", kumi na kitu mfululizo, akisie ipi ni ya jina na ipi ni ya kata. Akikosea, kisanduku kinageuka chekundu. Chekundu! Hakuna neno linalomwambia amekosea wapi. Mwishoni kuna zile herufi zilizopindapinda za kuthibitisha kwamba wewe si roboti, zisizo na njia mbadala ya sauti wala swali jepesi. Na anayefanya kazi polepole, kwa kusikiliza, au mwenye mikono inayotetemeka anayebonyeza kwa kidole kimoja, akikaribia kumaliza fomu inamtoa nje na kufuta kila kitu bila kumuuliza kama anahitaji muda zaidi.

Sasa nikueleze kinachotokea fomu ikimshinda mtu. Anakuja kwangu. Ananitajia namba ya NIDA, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, namba ya akaunti ya benki. Ananitajia aina ya ulemavu alionao, kwa sauti, huku nyuma yake kuna watu kwenye foleni wanasubiri kopi na masikio yao wanayo. Kisha tunaweka nywila. Yeye anaitunga, mimi naiandika, na kwa kuwa kesho hawezi kuingia peke yake kuangalia majibu, nywila inabaki kwangu. Namba ya uthibitisho ikiingia kwenye simu yake, simu inaisoma kwa sauti nami naibonyeza. Mikopo ikitoka, wa kwanza kujua kama amepata au amenyimwa ni mimi.

Mimi nadhani ni mtu mwema. Je, kila mwenye kompyuta kuanzia Buhongwa hadi Kisesa ni mtu mwema? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawataka ninyi mnaokusanya taarifa za watu mzilinde. Wekeni kufuli zote mnazozijua kwenye seva, lakini taarifa za mtu huyu zimeshamwagika kwenye kaunta yangu kabla hazijawafikia. Mtu anayeona hujaza fomu hiyo hiyo usiku, kitandani kwake, hata mkewe asijue. Hilo ndilo ninalokuomba, Ndugu, na mengine yote katika barua hii ni njia ya kufika hapo: mteja wangu aweze kuwaficha watu mambo yake kama wewe unavyoweza kuficha yako.

Kanda yetu nayo ina habari yake. Tuna ndugu wengi wenye ualbino, Ukerewe na kwingineko, na yaliyowapata katika Kanda ya Ziwa sina haja ya kukukumbusha. Kinachosahaulika ni kwamba ualbino hauishii kwenye ngozi. Ukosefu wa rangi unaathiri jinsi jicho linavyokua, hivyo wengi wana uoni hafifu ambao miwani haiumalizi, macho yao huchezacheza, na mwanga mkali unawaumiza. Watoto wenye ualbino waliosoma Shule ya Msingi Mitindo pale Misungwi wapo ambao leo ni watu wazima wenye vyeti, na vyeti hivyo wanavileta kwangu kuviskani. Hawa hawahitaji sauti, wanahitaji herufi zinazoonekana. Mwongozo wa kimataifa wa kujenga tovuti ambazo hata watu wenye ulemavu wanaweza kuzitumia, unaoitwa WCAG, uliotolewa mara ya kwanza na W3C, shirika linaloweka viwango vya tovuti duniani, mwaka 1999 na ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, unataka herufi za kawaida zitofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kijivu mlichokipenda ninyi, ambacho alama yake ya rangi katika msimbo ni #999999, kikiwa juu ya weupe kinapata 2.85 kwa 1. Mwenye uoni hafifu akijaribu kukuza ukurasa kwa vidole viwili, haukui, kwa sababu mtu fulani alizuia ukurasa usikuzwe. Na pale juu kuna habari mpya zinazokimbia kutoka kulia kwenda kushoto bila kusimama. Mwongozo huo unasema kitu kinachojiendesha kwa zaidi ya sekunde tano lazima kiwe na njia ya kukisimamisha. Mimi ningesema kiondoeni kabisa, hakuna niliyewahi kumwona akikisoma.

Halafu nenda Mwaloni Kirumba saa sita mchana, umwone mama wa dagaa ameshika simu yenye kioo kilichopasuka, ameikinga jua kwa kiganja, anatafuta tozo mpya za soko. Macho yake hayana tatizo lolote. Kile kijivu chenu na yeye hakioni.

Viziwi nawataja kwa ufupi, kwa kuwa kwao dawa ni rahisi kueleza: video za viongozi ziwe na maandishi chini, na pale mnaposema "kwa maelezo zaidi piga simu" pawe na namba inayopokea ujumbe wa maandishi na mtu wa kuujibu.

Kuhusu sheria sitakuchosha. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 2009, unaitaja intaneti waziwazi katika ibara ya 9, na mwaka 2010 tukatunga Sheria yetu ya Watu Wenye Ulemavu.

Utaniambia bajeti. Waandaaji wa Olimpiki ya Sydney ya mwaka 2000 nao walisema hivyo. Bruce Maguire, raia wa Australia asiyeona, alilalamika kwamba tovuti yao haisomeki kwa kifaa chake. Wakajibu kwamba kuirekebisha ni kazi ya mamilioni ya dola. Tume ya haki za binadamu ya nchi hiyo haikukubaliana nao, ikawaagiza wairekebishe, na waliposhindwa kutekeleza ikaamuru wamlipe dola 20,000 za Australia. Hiyo ni miaka mingi iliyopita, wakati vifaa vya kazi hii vilikuwa ghali. Leo programu ya kusoma skrini ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran na James Teh, Waaustralia wawili wasioona, inapakuliwa bure, na kwenye kompyuta yangu chakavu inakwenda vizuri. Simu nyingi za Android zina programu ya namna hiyo, TalkBack, tangu dukani.

Najua pia kwamba mengine hayako mikononi mwako. Kama kiolezo cha tovuti kinatoka juu, basi andika juu, uambatanishe barua hii. Lakini aliyepandisha skani iliyolala ubavu hakuwa Dodoma.

Nikupe kipimo cha bure. Chomoa mausi, uombe mkopo kwenye tovuti yako kwa kutumia kitufe cha Tab na Enter peke yake. Ukipotea usijue uko wapi kwenye ukurasa, umeshapata ripoti ya kwanza. Kisha washa NVDA, zima skrini, urudie. Baada ya hapo waite wanaoishi hivyo kila siku: Chama cha Wasioona, Chama cha Watu Wenye Ualbino, na CHAVITA kwa upande wa viziwi. Wakae na vijana wako siku nzima wakiitumia tovuti, ninyi mkiandika. Na walipwe posho kama mnavyowalipa wataalamu wengine. Soda na nauli ya daladala si malipo ya mtaalamu.

Ombi langu lina mpangilio, ili usiseme nimekutupia mzigo wote kwa siku moja. Hizo herufi mbili za lugha na maandishi ya tangazo yafanyike wiki hii. Rangi, ukuzaji na zile habari zinazokimbia, kabla ya mwezi kwisha. Fomu ya mikopo irekebishwe kabla dirisha la maombi halijafunguliwa tena, na kama haitawezekana, wekeni afisa kwenye chumba chenye mlango, amjazie mwombaji kwa faragha na bila malipo, ili asilazimike kuja kwangu.

Yule mwalimu mstaafu ameniruhusu nikuambie kwamba yuko tayari kuja ofisini kwenu kuijaribu. Anafika Igoma kila Jumanne. Ukinitumia ujumbe nitamfikishia.

Wabeja sana.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwenye steshenari,
Igoma, Mwanza.

Nakala: Afisa Maendeleo ya Jamii
Afisa Ustawi wa Jamii
Katibu muhtasi mwenye faili la tangazo