Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Afya Duniani: vitamini B12 ipimwe kwanza, kipimo cha Alzheimer cha p-tau217 kifuate

Dkt. Tedros Adhanom Ghebreyesus,

Nakuandikia kama mtu wa maabara. Wanaonisumbua moyo ni wagonjwa walio katikati: kumbukumbu imepungua kuliko umri wao unavyodai, familia imeshaona, lakini bado wanajitegemea. Ndio wenye upungufu mdogo wa utambuzi. Baadhi yao huishia kwenye dimenshia, yaani akili kudhoofika hadi mtu ashindwe kujitegemea, wengine hubaki walivyo, na wapo wanaorudia hali yao ya zamani.

Mei 2025 Marekani iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, ugonjwa unaosababisha dimenshia kwa wengi. Hulinganisha viashiria viwili vya ugonjwa huo kwenye damu, protini ya p-tau217 na amiloidi beta 42, kwa wenye dalili waliotimiza miaka 55. Nilifurahi kwa dhati, maana kutolewa maji ya uti wa mgongo ili kuutafuta kunaogopesha, na picha za ubongo za PET wengi hawazipati kabisa.

Hofu yangu ni namna kitakavyotumika. Kipimo hiki huashiria amiloidi iliyojikusanya ubongoni. Hakithibitishi kwamba ndiyo inayomsahaulisha mgonjwa huyu. Anaweza kuwa nayo, na papo hapo akawa amepungukiwa vitamini B12, au tezi yake ya thairoidi imezorota, au ana kaswende iliyofika kwenye ubongo. Hayo yote yanatibika, na yote huanza kutafutwa kwa damu ileile ya mkononi. Tena figo zikidhoofika, p-tau217 hupanda kwenye damu hata bila Alzheimer. Asiyepima kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, atalisomaje jibu hilo?

Shirika lako lilikadiria watu milioni 57 wenye dimenshia mwaka 2021, zaidi ya asilimia 60 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Lakini tafiti nyingi zilizoweka viwango vya kusomea majibu ya kipimo hiki zilitegemea watu wa nchi tajiri.

Ninachoomba ni mwongozo wenye mpangilio usioyumba. B12, thairoidi, sukari, figo na kaswende vitangulie, na dawa anazotumia mgonjwa zikaguliwe, kwani zipo za usingizi na za mzio zinazovuruga kumbukumbu. Kipimo kipya kifuate, kwa mwenye dalili tu, mbele ya daktari atakayemweleza jibu ana kwa ana. Na kabla hakijasambazwa, nchi zisaidiwe kupima viwango hivyo kwa watu wao wenyewe.

Wako,
Mtaalamu wa maabara