Gobori la Babu Yako

Ng'ambo, Tabora
Jumapili jioni

Kwako ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na poleni tena kwa msiba. Barua yako ya kuniuliza kama gobori la babu lililopatikana darini ni la asili au ni nakala, na lilikuwa la nani, imefika pamoja na picha zote. Nimezitandaza mezani chini ya taa, nikakaa nazo mpaka mama watoto akaja kuuliza kama nimerudishwa kazini. Sisi hatujambo. Mvua imechelewa na asali imepanda bei, mengine tutaongea ukija.

Kabla ya yote, nani amehakikisha kwamba hilo gobori halina kitu ndani? Unaniandikia, tena kama mzaha, kwamba wajomba zako wadogo wanalichezea uani. Liondoe mikononi mwao leo hii. Silaha ya kushindiliwa haionyeshi kwa nje kama imejaa au ni tupu, na baruti nyeusi ikihifadhika pakavu haifi. Miaka mia ikipita bado inaweza kulipuka. Kule ghalani, enzi zangu za kazi ya idara ya wanyamapori, gobori lililokamatwa halikuguswa na mtu kabla ya kupimwa kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia baruti. Mdeki unateremshwa polepole, unatiwa alama pale penye mdomo wa mtutu, kisha unatolewa na kulazwa kwa nje ya mtutu huohuo. Ukifika mpaka usawa wa tundu la moto, pale moto unapoingilia kwenye baruti, ni tupu. Ukipungua vidole vitatu vinne, humo mna shindilio la mtu aliyekufa zamani. Nakueleza ili ujue inavyofanyika, sikutumi ukaifanye. Nenda kituoni ueleze kilichopatikana darini, waje wenyewe walipime. Kwa vyovyote vile kwao ni lazima ufike, maana chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 kukaa na bunduki bila leseni ni kosa, na neno "urithi" halitakuokoa. Tafadhali usilifunge kwenye mkeka ukapanda nalo treni kuniletea.

Sasa tuje kwenye swali lako. Shangazi anasema lilikuwa la Rumaliza, yule mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa wa Ujiji. Hapa kwetu kila bunduki yenye kutu ni ya Mirambo, na iliyovunjika kitako ilitoka bomani kwa mtemi Isike, utadhani lile ghala la baruti alilojilipulia Januari 1893 lilibakiza bunduki nzima kwa kila ukoo wa Unyanyembe. Simulizi za wazee naziheshimu, ila bunduki ina maandishi yake yaliyopigwa kwenye chuma, na hayo ndiyo ninayoyasoma kwanza.

Kwenye bamba la mtambo, lile bati la ubavuni linaloshika mtambo wa kufyatulia, naona taji na neno TOWER. Huyo mnunuzi wako kutoka Dar anasema basi ni ya jeshi la Malkia wa Uingereza. Taratibu. Tower ni Mnara wa London, ambako silaha za jeshi zilikuwa zikikaguliwa na kutunzwa, na chapa hiyo ilipata sifa mpaka ikawa inapigwa hata kwenye bunduki ambazo hazikuwahi kuukaribia mnara wenyewe. Enfield, bunduki ya jeshi la Waingereza ya mwaka 1853, ambayo yako imeiga umbo lake, ina herufi VR chini ya taji, yaani Victoria. Yako ina taji tupu. Mara nyingi taji tupu ni dalili ya bunduki ya wafanyabiashara. Pia nimetafuta ule mshale mpana, alama ya mali ya serikali yao, sijauona popote.

Kilichonifanya nicheke peke yangu ni picha ya nne, ile ya ubavu wa mtutu karibu na kitako. Wewe umesoma "E1G". Ni ELG, ndani ya mviringo wenye umbo la yai: chapa ya nyumba ya kujaribia mitutu ya Liège, Ubelgiji. Yaani bunduki inayojiita ya London imefanyiwa majaribio Ubelgiji! Mafundi wa Liège walitengeneza bunduki nyingi mno za kuuzwa Afrika, na hawakuona haya kupiga TOWER juu yake, kwa kuwa wanunuzi walishaizoea. Na kuna jambo jingine zuri zaidi. Kuanzia 1893 Liège waliongeza taji juu ya hilo yai. Lako halina taji. Mtutu huo, basi, ulijaribiwa kabla ya mwaka huo, wakati Rumaliza bado yuko hai na ana nguvu zake. Shangazi hajathibitishiwa, lakini hajakanushwa pia, mwambie hivyo.

Sasa ni ya asili au ni nakala? Mnunuzi anataka jibu moja kati ya hayo mawili kwa sababu bei yake imesimama hapo. Mimi naona ni nakala ya asili: imemwiga Mwingereza, lakini imeigwa zaidi ya miaka 130 iliyopita na kuletwa huku kutumika. Haina undugu na nakala za juzi. Hizo za juzi zinajulikana. Miaka ya 1970 Parker-Hale wa Birmingham walitengeneza Enfield mpya za watu wa kulenga shabaha, na Waitaliano wanazitengeneza mpaka leo. Za Waitaliano zina herufi PN, maana yake baruti nyeusi, na ndani ya kiboksi kidogo kuna alama ya mwaka. AA ni 1975. Mlaghai huanza kwa kuzisaga alama hizo kwa tupa, kwa hiyo ukikuta bonde dogo lililong'arishwa mahali ambapo chapa ingekaa, funga mazungumzo. Zipo pia za mafundi wa mpakani mwa Pakistani na Afghanistani, mikono yao ni hodari, ila herufi zinawasaliti: N imegeuka, au neno limekosewa.

Usidanganywe na gumegume, bunduki inayowashwa kwa cheche za jiwe. Watu hudhani bunduki ya jiwe lazima ni kongwe kuliko inayowashwa kwa fataki. Kwa Ulaya, sawa. Kwa huku kwetu, mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia kuleta Afrika bunduki zenye mifereji mtutuni, ile inayoizungusha risasi, ukaacha mlango kwa gumegume za mtutu laini, na viwanda vikaendelea kuzitengeneza kwa ajili yetu hata baada ya karne ya 20 kuanza. Polisi wakishalipima lako, mulika tochi mdomoni. Enfield halisi ina mifereji mitatu. Nahisi lako utalikuta laini.

Nimependa kuona kitako. Mti wa mbele ni wa Ulaya, lakini kuanzia shingoni kurudi nyuma nadhani ni mninga, na pale kwenye kiungo pamevikwa ngozi iliyofungwa ikiwa mbichi ikajikaza ilipokauka. Mnunuzi anaiita kasoro, anataka apunguze bei. Kwangu hiyo ndiyo sehemu yenye thamani kuliko zote, maana mabamba yenye TOWER yapo maelfu duniani, ila fundi aliyelitibu hilo gobori alikuwa wa kwetu. Tazama pia namna chuma kilivyolika: pale mkono unaposhika ni laini, pale usipofika bado pana kingo. Anayezeesha bunduki kwa tindikali huila sawasawa kila mahali, hata ndani ya herufi. Na parafujo zake zina mfuo mwembamba, hazifanani na za dukani.

Kwa hiyo usilisafishe. Usipitishe msasa wala kupaka rangi ya kitako, na ukisikia kijana anajitolea "kuling'arisha", mfukuze. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu, basi.

Huyo bwana anayekuharakisha umuuzie kabla hujafika polisi, mimi simpendi. Mnunuzi mwenye nia njema angekuwa wa kwanza kuuliza karatasi. Bei usiniulize, siijui na sitaki kulaumiwa na ukoo mzima. Kama mtakubaliana, ulizeni watu wa makumbusho ya Ujiji kama wanaweza kulipokea kwa utaratibu wa sheria.

Nitumie picha mbili zaidi likiwa mikononi mwa polisi, kwa ruhusa yao: mdomo wa mtutu kwa mbele, na upande wa ndani wa bamba la mtambo kama watakubali lifunguliwe. Humo mafundi wa zamani walikuwa wakiacha alama zao.

Asali nimempa kondakta wa Jumanne, madumu mawili. Migebuka sikuombi, lakini sikukatazi.

Ndugu yako,
Rashidi