Barua kwa mwanangu anayesomea uchumi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Mama yako na wadogo zako hawajambo, na huku Mwanza mvua zimeanza vizuri. Umeniuliza kama kweli naamini uchumi hauwezi kukua bila kikomo, au ni uchungu tu wa mzee aliyeliona ziwa likibadilika. Swali kama hilo halijibiki kwa ujumbe wa simu, ndiyo maana nimechukua karatasi.

Nitaanza na samaki, kwa kuwa uvuvi ndiyo kazi niliyoajiriwa kuisimamia hadi nikastaafu. Kabla ya sangara, Ziwa Victoria lilikuwa la furu, wale samaki wadogo wa aina nyingi. Watafiti waliolipima ziwa zima kati ya 1969 na 1971 walikuta furu ni takribani asilimia 80 ya uzito wa samaki walionaswa na nyavu zao. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, ili ziwa litoe samaki wakubwa wenye thamani. Kwa muda mrefu alionekana kwa nadra, kisha miaka ya 1980 akafumuka. Akawala furu, huku maji nayo yakizidi kuchafuka kwa udongo na mbolea kutoka mashambani na kwa majitaka ya miji. Inakadiriwa aina 200 hivi za furu zilitoweka, na hazikuwa zikipatikana kwingine duniani.

Kwenye takwimu, huo ulikuwa muujiza. Viwanda vya minofu vikajengwa hapa Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja. Minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, fedha za kigeni zikaingia. Wako waliojenga nyumba na kusomesha watoto kwa sangara, na sitawabeza. Ila tazama kilichoandikwa na kilichoachwa. Furu ambao bibi yako aliwaanika juani na kubadilishana na jirani kwa muhogo hawakuwa kwenye hesabu yoyote, kwa hiyo walipokwisha hakuna tarakimu iliyoshuka. Sangara ana mafuta mengi, hakauki juani kama furu, hivyo akabanikwa kwa moshi. Miti ikakatwa, na kuni zilizouzwa zikahesabika kuwa mapato. Minofu ikaondoka, mlaji wa huku akaachiwa mapanki, yaani kichwa na mifupa. Mapanki yalipoanza kugombaniwa, nayo yakawa biashara, na biashara ni ukuaji.

Kwenye mwalo niliousimamia, yaani mahali mitumbwi inaposhushia samaki, tulipima kilo na bei. Hatukuwa na safu ya samaki waliobaki majini, wala ya nani amekula.

Wewe utafundishwa Pato la Taifa, yaani thamani ya vyote vinavyozalishwa nchini kwa mwaka, kwa undani kuliko ninavyolijua mimi. Kumbuka tu kwamba Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kupima pato la Marekani, aliliandikia Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ni vigumu kukadiria ustawi wa taifa kwa kipimo hicho. Onyo lilitoka kwa fundi mwenyewe, na bado mawaziri wa fedha wa dunia nzima wanasimama na asilimia ile ile ya ukuaji kana kwamba ni cheti cha afya ya watu. Mwenye kiwanda hutoa uchakavu wa mashine zake kabla ya kutaja faida. Samaki aliyevuliwa kabla hajazaa hakutolewa popote. Hilo ndilo linaloanza kurekebishwa: mwongozo wa hesabu za taifa uliopitishwa na Kamisheni ya Takwimu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2025 unataka kupungua kwa maliasili kutolewe kama gharama katika pato linalobaki baada ya kutoa uchakavu. Usome. Kizazi chenu ndicho kitakachoufanyia kazi au kuuacha kabatini.

Usinielewe vibaya, sisemi nchi yetu isikue. Mama anayejifungulia kwenye zahanati isiyo na umeme anahitaji ukuaji, tena leo. Mchumi wa Uingereza, Kate Raworth, mwaka 2012 alichora duara mbili ambazo nakuomba uzibandike mezani kwako. Ya ndani ni mahitaji ambayo mtu hapaswi kuyakosa: chakula, maji, elimu, sauti katika maamuzi. Ya nje ni mipaka ya dunia: hali ya hewa, maji baridi, uhai wa viumbe. Uchumi ukae katikati. Nchi tajiri zimekwisha kuvuka duara ya nje, wakati watu wetu wengi hawajaifikia ya ndani, kwa hiyo dawa haiwezi kuwa moja kwa wote. Anayekula minofu huko Ulaya na anayenunua mapanki hapa Igombe, Mwanza, hawadaiwi sawasawa.

Kinachonisumbua zaidi ni nani anayebeba gharama ya kuheshimu mpaka. Chukua Ziwa Tanganyika. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulifungwa upande wetu ili dagaa na migebuka wapate kuzaliana. Mimi nauunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, maana ziwa likivuliwa bila kupumzika litakwisha. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa kibarua wa mtumbwi anayelipwa kwa mgawo wa samaki wa usiku huo, na kwa mwanamke anayeanika dagaa mchangani Kigoma. Tajiri mwenye mitumbwi ana akiba. Hawa wawili hawana, na ndio wanaokamatwa usiku wakiwa na kokoro, ule wavu haramu wa kukokota.

Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, mwaka 2009, alionyesha kuwa watu wanaotumia mali ya pamoja wanaweza kuitunza wenyewe iwapo wanashiriki kutunga kanuni zake. Sasa nenda mbele yake kidogo. Posho ya miezi mitatu kwa kibarua itoke wapi? Kwenye ushuru wa mazao ya samaki? Kwenye tozo ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya sangara, yanayouzwa nje kwa bei kubwa? Mfuko ushikwe na kikundi cha ulinzi wa mwalo au na halmashauri?

Unatafuta mada ya utafiti wako wa mwisho, na mimi nakupendekezea hiyo. Nauli ya Kigoma nitakutumia. Ukifika, anza na wanawake wa dagaa kabla ya kwenda ofisi yoyote, na rasimu ya kwanza nitaisoma mimi.

Baba yako