Meli ya bure ya kuzamisha: nani analipa?

Mhariri,

Meli ikikaa miaka ikiota kutu kwenye kona ya bandari, hakosi kutokea mtu akashauri ivutwe nje ya mwamba izamishwe, samaki wapate makazi na wageni wapate pa kupigia mbizi. Ushauri huo karibu kila mara huambatana na maneno "bila gharama kubwa". Sisi tunaoandika barua hii tunaishi kwa kukagua, kukata na kupiga mbizi kwenye vyombo vya chuma. Gharama ipo, tena nyingi hulipwa kabla meli haijagusa mchanga.

Tuanze na chuma chenyewe, maana hapo ndipo wengi huruka. Meli kuukuu ina bei. Wavunjaji wa Alang kule India, Chattogram kule Bangladesh na Gadani kule Pakistan hununua kwa uzito wa chombo kitupu: mabamba, injini na mitambo, bila mafuta, maji wala shehena. Miaka ya karibuni bei ya tani imekuwa ikicheza, kwa jumla, kati ya dola 400 na 600. Tuchukue mfano wa meli ya mizigo ya mita 70 yenye uzito mtupu wa tani 900. Kwa dola 400 kwa tani, hiyo ni dola 360,000. Ni kweli meli isiyojiendesha lazima ivutwe hadi huko, na kuivuta kuvuka bahari kunaweza kumeza sehemu kubwa ya fedha hizo. Ndiyo sababu baadhi ya wenye meli wako tayari kuigawa bure.

Iko sababu ya pili ya ukarimu huo. Mwaka 2007, hapa hapa nchini, jijini Nairobi, ulipitishwa mkataba wa kimataifa wa kuondoa mabaki ya meli, ukaanza kutumika mwaka 2015. Unamtaka mwenye meli ya kuanzia tani 300 za ujazo awe na bima ya kulipia kuondolewa kwa mabaki yake ikiwa itazama. Mwenye meli mbovu anayeikabidhi kwa kaunti au kikundi cha ufukweni anajitoa kwenye bima, ada ya maegesho, walinzi na pampu, na mpokeaji ndiye anayebeba. Kabla ya kumshukuru, mwulizeni atachangia kiasi gani cha usafi. Marekani jeshi la wanamaji liliigharamia manowari ya kubeba ndege Oriskany, iliyozamishwa karibu na Pensacola, Florida, mwezi Mei 2006, kwa takriban dola milioni 20. Wenye boti za kupiga mbizi wa pale wana kila sababu ya kusema mradi unalipa, kwa kuwa bili ilikwenda kwa walipakodi wa nchi nzima.

Usafi ndio unaokula fedha. Mafuta ya injini na ya kulainishia hunyonywa kwenye matangi, kisha matangi hufunguliwa na kuoshwa. Maji ya ngama, yaani yanayojikusanya chini kabisa ya meli na ambayo daima yana mafuta, hupelekwa kutibiwa nchi kavu. Mabomba ya haidroliki hukatwa na kumwagwa moja moja, kwa kuwa kila kona ya bomba hubakiza kikombe cha mafuta, na vikombe elfu moja ni doa la mafuta baharini siku ya kuzama. Mbao, magodoro, plastiki, sponji za kuzuia joto na chochote kinachoelea hutolewa. Rangi inayobanduka hukwanguliwa. Rangi ya chini ya mkuku hupimwa, maana iliundwa iwaue viumbe wanaotaka kujishika hapo, na hao ndio tunaodai kuwajengea.

Halafu kuna nyaya. Meli zilizoundwa kabla ya miaka ya 1980 aghalabu zina PCB, kemikali sumu ambayo Marekani ilipiga marufuku kuitengeneza mwaka 1979. Ilichanganywa kwenye ganda la nyaya, gasketi, rangi, transfoma na kapasita. Haionekani kwa macho. Lazima sampuli ziende maabara. Kwenye Oriskany iliachwa inayokadiriwa kuwa kilo 320 ndani ya vitu vigumu, hasa maganda ya nyaya, na kibali cha kuiacha kilikuwa cha kwanza cha aina yake nchini humo. Australia, manowari ya zamani Adelaide ilikuwa izamishwe Machi 2010 karibu na Terrigal. Wakazi walikwenda kwenye baraza la rufaa, ikaamriwa nyaya zaidi na rangi yenye madini ya risasi viondolewe, ikazama Aprili 2011. Mwaka mzima wa kufunga meli gatini, kuilinda na kuwalipa mafundi upya hauonekani kwenye bajeti ya awali ya mradi wowote.

Mtu atasema shaba ya nyaya na propela ya shaba vitalipia kazi. Vinasaidia, ndiyo. Lakini njia yetu ya mtaani ya kupata shaba ni kuchoma ganda, na ganda lenye PCB likichomwa kwa moto mdogo hutoa sumu mbaya kuliko ile ya mwanzo. Lichunwe kwa mashine au liuzwe lilivyo kwa mwenye leseni, kwa bei ya chini. Asbestosi, nyuzi za madini za kuzuia moto zinazodhuru mapafu, nayo ina kanuni yake: iliyofungwa imara ndani ya ukuta, ikiwa haitaguswa na mkataji wala mlipuko, yaweza kubaki; iliyo huru hulowanishwa, hufungwa kwenye mifuko na kuzikwa dampo maalumu. Meli Vandenberg ya mita 159, iliyozamishwa Key West, Florida, mwaka 2009, ilitolewa zaidi ya tani 10 za asbestosi na zaidi ya kilomita 240 za nyaya. Mradi wote uligharimu takriban dola milioni 8.6.

Kuzamisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache, ila ikiharibika huharibika vibaya. Matundu hukatwa ubavuni juu ya mstari wa maji, na mengine sitahani ili hewa itoke. Hewa ikinaswa upande mmoja, meli hulala. Milango ya ndani hung'olewa au huchomelewa ikiwa wazi. Uzito wa juu, kama milingoti na winchi, hupunguzwa. Meli hufungwa nanga nne, na siku inayochaguliwa ni ya maji mafu, yasiyopanda na kushuka sana, si ya bamvua. Adui mkubwa ni maji yanayotembea huru kwenye sitaha pana: chombo kikiinama kidogo, maji yote hukimbilia upande huo na kukiinamisha zaidi. Spiegel Grove, meli ya mita 155, iliwatendea hivyo watu wa Key Largo, Florida, Mei 2002. Ilianza kuzama saa kadhaa kabla ya wakati, ikapinduka, omo yake, yaani sehemu ya mbele, ikabaki imetokeza juu ya maji. Kuimalizia kulichukua wiki tatu na takriban dola 250,000 za ziada, ikalala kwa ubavu hadi kimbunga Dennis kilipoisimamisha mwaka 2005. Kimbunga kikiweza kufanya hivyo, basi chaweza pia kuusogeza mzigo kama huo juu ya mwamba hai.

Kina cha maji ni suala la soko. Mpiga mbizi wa cheti cha kwanza huruhusiwa mita 18, wa cheti kinachofuata 30, na mpaka wa burudani ni mita 40. Sitaha ya juu ikikaa mita 15 hadi 20 na mchanga ukiwa mita 30, wateja wengi wanaifikia. Sitaha ya Oriskany ilikuwa mita 41, na baada ya kimbunga Gustav mwaka 2008 ikashuka zaidi, kwa hiyo wengi huona mnara tu. Na iwe kwenye mchanga, mbali na matumbawe na nyasi bahari. Kule Palmyra, katikati ya Pasifiki, meli ya uvuvi ilizama mwaka 1991 kwenye mwamba wenye afya. Madini ya chuma yaliyotoka kwenye kutu yake yalichochea kiumbe laini cha baharini, mfano wa anemone, kilichotapakaa na kuyafunika matumbawe, hadi serikali ya Marekani ikayaondoa mabaki hayo kuanzia mwaka 2013.

Sasa mapato. Pwani yetu tayari ina mfano: MV Dania, iliyokuwa meli ya kubeba mifugo, ilizamishwa mwaka 2002 mbele ya Mombasa kwa ajili ya wapiga mbizi, na inatembelewa hadi leo. Lakini kusi ikivuma, bahari huchafuka na maji hufifia. Biashara ya kweli ni ya kaskazi, karibu nusu ya mwaka. Tuseme usafi na uzamishaji wa ile meli yetu ya mita 70 umefika dola 500,000, na kila mbizi inatozwa dola 5. Mbizi 3,000 kwa mwaka ni dola 15,000. Deni litalipwa kwa miaka 33, hapo hatujatoa kamba za maboya, zinazolika kwa jua na msuguano, wala pingili za minyororo. Chuma baharini hupoteza takriban milimita 0.1 kwa mwaka kila upande. Bamba la milimita 8 linaloliwa pande zote mbili litakuwa limebaki na milimita 1.4 mwaka wa 33. Mabamba membamba ya vyumba vya juu, anakopenda kupita mgeni, yataanguka mapema zaidi.

Mtetezi atajibu kwamba faida iko hotelini na kwenye boti, siyo kwenye ada. Sawa, basi ahesabu wageni wapya tu. Mgeni ambaye angekuja Diani au Nyali hata bila meli, akabadilisha tu mahali pa kuzamia, hajaongeza kitanda hata kimoja. Amepunguza msongamano kwenye matumbawe ya asili, na hilo lina thamani, ila liandikwe kwenye safu yake.

Kwa wavuvi hesabu ni mbaya zaidi. Meli huwakusanya samaki waliokuwa wametawanyika kabla haijazalisha wapya, na waliokusanyika ni rahisi kumalizwa na ringi neti, wavu mkubwa wa kuzingira, kwa msimu mmoja. Jarife likinasa kwenye chuma huachwa, likaendelea kuua. BMU, yaani kikundi cha kusimamia ufukwe, isiyoweza kulinda sehemu hiyo mchana na usiku isiipokee meli. Kwa lengo la samaki tungechagua miundo ya saruji yenye mashimo ya ukubwa tofauti, kama inayowekwa Mkwiro, kisiwani Wasini, pamoja na vipande vya matumbawe: haina mafuta, haina nyaya, mafundi wa kijiji wanaitengeneza, na ikikosewa mahali huinuliwa kwa mifuko ya hewa na kusogezwa. Matairi tu msiyaguse. Fort Lauderdale, Florida, walizamisha karibu milioni mbili miaka ya 1970, kamba zikakatika, na bado wanayaokota.

Ni sisi,
Mafundi wa vyombo na wapiga mbizi,
Mombasa